Keki, Pipi na Mtoto Mwenye Kisukari
Wazazi wenzangu wa Yeoville, mtaa huu wa Johannesburg ambako Kiswahili cha Kongo na cha Tanzania husikika hadi sokoni, mtoto mwenye kisukari asiondolewe mezani keki inapokatwa. Kisukari aina ya kwanza, kinachowapata watoto wengi wenye maradhi haya, hakiletwi na pipi: kinga ya mwili wenyewe hushambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Basi mtoto anaadhibiwa kwa kosa gani? Apewe kipande baada ya mlo, wanga wake uhesabiwe, na insulini ilingane nao. Ugali nao huhesabiwa vivyo hivyo, ingawa hakuna anayeukemea. Na sukari ya damu ikishuka chini ya 4 mmol/L kwenye kipimo, mtoto akatetemeka na kutokwa jasho, kitu kitamu ndicho dawa: juisi, glukosi au pipi za kutafuna, kisha apimwe tena baada ya dakika 15. Chokoleti haifai hapo, mafuta yake huichelewesha sukari. Soda za kila siku nazipinga kwa mtoto yeyote, na kodi ya vinywaji vyenye sukari iliyoanza nchini Aprili 2018 naiunga mkono kwa moyo wote. Ila tangu hapo watengenezaji wengi wamepunguza sukari, kwa hiyo soda iliyotosha zamani kumwinua mtoto ambaye sukari yake imeshuka huenda leo isitoshe. Someni lebo, mama zangu, na walimu wafundishwe kuisoma.