KURA NI AMANA: FUNZO LA SANDUKU LA GEORGETOWN

Ndugu wasomaji, kila unapokaribia uchaguzi husikika kwetu kauli mbili, na zote mbili tunazikataa. Ya kwanza ni ya yule asemaye: "Kura huibiwa tu, kwa nini nijisumbue?" Ya pili ni ya yule apokeaye kilo ya sukari na doti ya khanga, kisha akasema: "Wote ni wamoja, bora nile changu mapema." Wenye kauli hizi hujiona kuwa ni watu wenye akili walioijua dunia. Sisi tunasema kuwa hao ndio nguzo ambayo mwizi wa kura huiegemea, kwani mwizi hahitaji watu wote wamuunge mkono. Akipata wengine wakauza na wengine wakanyamaza, kazi yake imekwisha.

Hatutawajibu kwa maneno matupu, bali kwa kisa kilichothibiti. Mwenye kisa si wa kabila letu wala si wa dini yetu, lakini haki huchukuliwa popote inapopatikana.

Katika jimbo la Georgia, kusini mwa Marekani, palikuwa na wilaya 159, na kwa miaka mingi uteuzi wa viongozi wa jimbo ndani ya chama kilichotawala haukuhesabiwa kwa vichwa vya watu. Wilaya 8 kubwa zilipewa pointi 6 kila moja, 30 zilizofuata pointi 4, na 121 zilizobaki pointi 2. Hata wilaya ndogo ya Echols, ambayo haikufikisha watu 2,000, ilikuwa na theluthi ya uzito wa Fulton, penye jiji la Atlanta na watu zaidi ya laki tano. Matokeo yake ni kwamba aliyeishika mkononi wilaya chache za shamba alilishika jimbo zima, na kila wilaya ndogo ikawa na mwinyi wake. Mwaka 1962 mahakama ziliupiga utaratibu huo, na Seneti ya jimbo ikaamriwa igawanywe upya kwa kufuata idadi ya watu.

Hapo ndipo alipojitokeza mkulima na mfanyabiashara wa karanga wa kijiji cha Plains, Jimmy Carter. Alitangaza kugombea Seneti zikiwa zimebaki siku 15 tu. Katika wilaya ya Quitman, ambayo makao yake makuu ni mji mdogo wa Georgetown, mwinyi alikuwa Joe Hurst, naye mwenyewe alikuwa mjumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo. Siku ya kura, tarehe 16 Oktoba 1962, watu walipiga kura mezani mbele ya macho yake, huku akiwaelekeza ni jina gani walikate. Sanduku lilipohesabiwa, waliopiga kura walikuwa 333, na kura zilikuwa 420. Katika orodha walikuwamo watu zaidi ya 100 waliodaiwa kuja kupiga kura kwa mpangilio wa herufi za majina yao, kana kwamba wilaya nzima ilipanga foleni kwa alfabeti! Kwa sanduku hilo Carter akatangazwa kuwa ameshindwa.

Sasa tuulize: Je, alisema "kura huibiwa tu"? Hakusema. Alikwenda nyumba kwa nyumba kutafuta mashahidi, naye akakuta wengi wanamwogopa Hurst. Akamtafuta mwandishi wa gazeti la Atlanta, John Pennington, aliyeyaandika aliyoyaona. Akamtafuta wakili, Charles Kirbo, aliyeyapanga madai yake kwa utulivu. Jaji akalitupa sanduku la Georgetown. Mabishano yaliendelea hadi usiku wa kuamkia uchaguzi mkuu wa tarehe 6 Novemba, na mwisho Carter akashinda, akaingia Seneti Januari 1963. Hurst baadaye alitiwa hatiani kwa udanganyifu wa kura.

Tazameni tofauti ya wajumbe wawili hawa, wote wa shamba. Mmoja aliona kiti ni mali yake, na watu ni mifugo yake. Mwingine aliahidi kuusoma kila mswada kabla ya kuupigia kura, akajifunza hata mbinu za kusoma haraka ili aitimize ahadi. Hotuba yake ya kwanza katika Seneti ilipinga yale maswali 30 ambayo makarani waliyatumia kuwazuia watu weusi wasijiandikishe kupiga kura. Ni wajumbe wangapi tunaowajua sisi ambao husinzia barazani, kisha huinua mkono kupitisha wasichokisoma?

Lakini hatuandiki haya ili tumfanye mtu malaika. Kabla ya Seneti, Carter alikuwa katika bodi ya shule ya wilaya yake, ambako watoto walitenganishwa kwa rangi, wala hakuuvunja utengano huo. Mwaka 1970, alipogombea ugavana kwa mara ya pili baada ya kushindwa 1966, aliwabembeleza wapiga kura wa wabaguzi. Ni kweli kwamba siku ya kuapishwa, Januari 1971, alitangaza kuwa zama za ubaguzi zimekwisha. Hata hivyo, neno la haki baada ya kushinda haliufuti ujanja uliotangulia, na anayempenda kiongozi ana wajibu wa kuyasema yote mawili.

Atasema mpinzani wetu: "Huyo alikuwa mweupe, ana mali, ana elimu, ana wakili. Maskini atampata wapi Kirbo?" Hoja hii ni nzito, wala hatuikwepi. Bali sisi tunaizidisha: katika wilaya zile zile, watu weusi wengi hawakuwa hata na karatasi ya kura ya kuibiwa. Aliyedhulumiwa sanduku alipata mahakama, na waliodhulumiwa daftari zima walingoja hadi sheria ya haki ya kupiga kura ya mwaka 1965. Lakini je, sheria hiyo ilishuka yenyewe? Ililetwa na wanyonge walioandamana, wakapigwa na wakafungwa, bila ya mali wala cheo. Basi udhaifu haukuwa hoja yao ya kukaa kitako. Vipi uwe hoja yetu?

Carter alikuwa rais wa nchi yake kuanzia 1977 hadi 1981, na akafariki tarehe 29 Desemba 2024 akiwa na umri wa miaka 100. Kituo alichokiasisi mwaka 1982 kimeangalia chaguzi zaidi ya 100 duniani, zikiwemo za jirani zetu wa Kenya. Mwaka 2017 kilikuwa miongoni mwa waangalizi huko, na tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta matokeo ya urais. Waliofungua kesi ile walikuwa wananchi wa Kenya wenyewe, na waliohukumu ni majaji wao. Mwangalizi mgeni huandika ripoti na kurudi kwao, lakini anayebaki na sanduku ni mwenyeji.

Kwa hiyo tunawaambia waumini wa misikiti yetu: Kura ni ushahidi, na mwenye kuuza ushahidi ameuza haki ya jirani yake pamoja na yake. Karani wa kituo amebeba amana, na anayeikhini hatatakasika kwa kusema kuwa alitumwa. Aliyeona na akanyamaza asimlaumu mwizi peke yake. Andikeni mnayoyaona, hesabuni waliopiga na hesabuni kura zilizomo. Georgetown iliumbuliwa na namba mbili tu, 333 na 420, kwa sababu palikuwa na mtu mmoja aliyekataa kuziacha zipite.

Wabillahi tawfiq.