Mgeni wa Shanta na Chumba cha Wendani

Ipo desturi mpya mijini, nayo yataka kusemwa. Kijana wa Ulaya au Marekani hutia shanta mgongoni, akamwandikia kwa intaneti mtu asiyemjua na kumwomba malazi ya bure. Mwenyeji akiridhika humfungulia mlango. Mtandao mkubwa wa mambo haya, Couchsurfing, ulianza mwaka 2004, na mwaka 2020 ukaanza kutoza ada. Ada hiyo huwaendea wenye mtandao. Mwenye kitanda hapati hata senti.

Wako watu wetu wanaouita huu upuuzi wa Wazungu. Mimi sisemi hivyo. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 aliwakuta vijana wakizipokea merikebu kwa mashua ndogo, kila mmoja na sahani yake ya chakula iliyofunikwa, akamkabidhi mfanyabiashara mmoja na kutangaza kuwa huyu ni mgeni wake. Kumlaza mtu usiyemjua, basi, ni jambo letu la kale. Ila tuangalie vizuri: yule mfanyabiashara alikuja na bidhaa, na mwenyeji wake ndiye aliyemuuzia na kumnunulia. Walifaana.

Sasa tuje Kahawa Wendani, kando ya barabara kuu ya Thika, jirani na Chuo Kikuu cha Kenyatta. Jina Wendani ni la Kikuyu na maana yake ni mapenzi, ingawa sikio la mtu wa pwani husikia "wandani". Magorofa yamebanana hata maji ya nguo za jirani hudondokea dirishani kwako, matatu hupiga honi tangu alfajiri, na wapangaji wengi ni wanafunzi. Mpwa wangu ni mmoja wao. Chumba chake ni bedsita: kitanda, meko na ndoo mahali pamoja. Nilipokwenda kumjulia hali nilimkuta kijana wa Kijerumani amelala kitandani, na mwenye chumba yuko chini mkekani.

Nikamvuta kando. "Mwanangu, huyu atakaa hata lini?"

"Sijui, mjomba. Mgeni haulizwi."

Jibu la mtu aliyelelewa vizuri, nami nilifurahi kulisikia. Lakini ikiwa mgeni haulizwi, basi yampasa mgeni ajiulize mwenyewe. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba ugeni ni siku tatu, kizidicho ni sadaka, wala si halali mgeni kukaa hata akamtia mwenyeji wake dhikini. Sisi hupenda kuisoma nusu ya kwanza ya mafundisho hayo, tukaisahau hiyo ya mwisho. Na dhiki ya bedsita huanza mapema kuliko dhiki ya nyumba ya Lamu yenye daka na ua.

Wapenzi wa desturi hii hujibu kwamba watu watalipana, leo kwako, kesho kwangu. Maneno matamu! Mjerumani huingia Kenya kwa kibali anachokiombea kwa intaneti, utaratibu ulioanza Januari 2024. Mpwa wangu akitaka kulala Berlin, sharti aombe viza, alipe Yuro 90 ambazo hazirudi hata akinyimwa, aonyeshe hesabu yake ya benki, na athibitishe kwamba atarejea kwao. Mwanafunzi anayehesabu nauli ya matatu ataonyesha hesabu gani? Hiyo kesho haifiki. Kwa hiyo deni la malazi lapasa kulipwa papo hapo Wendani, na mgeni asiyelitambua hilo anakula jasho la mtu mwenye kipato kidogo kuliko chake, hata kama anatabasamu na kujifunza kusema "asante sana".

Yule Mjerumani, haki yake nimpe, alilitambua bila kuambiwa. Siku ya pili maji yalikatika. Alishuka na mitungi miwili ya lita 20 akaipandisha hadi orofa ya nne, akarudi tena kwa mingine. Jioni akaleta unga, mafuta na mafungu ya sukumawiki, akasonga ugali uliojaa madonge tukaula hivyo hivyo. Siku ya nne asubuhi akaaga. Fedha mpwa wangu asingezipokea kamwe. Maji aliyapokea.