Anayengoja Figo na Mechi ya Ugenini



Ndugu zangu wasomaji, nimeletewa suala na jamaa mmoja wa hapa Bodo. Kijana wao ni mwanafunzi wa chuo mjini Mombasa. Figo zake zimeshindwa kazi. Mara mbili kwa wiki husafishwa damu kwa mashine, kila mara kwa saa zipatazo nne, huku akingoja kupandikizwa figo nyingine. Timu ya chuo chake inakwenda kucheza ugenini Kilifi, naye ataka kufuatana na wenziwe kuishangilia. Mamake analia. Mjomba wake, ambaye neno lake kwetu Wadigo ni zito, amekataza: mgonjwa wa namna hii mahali pake ni kitandani. Wakaniuliza, sheria yasemaje?

Nikawajibu kwamba asili ya jambo hili ni halali. Mtume (s.a.w.) alimsitiri Bi Aisha (r.a.) huku akiwatazama Wahabeshi wakicheza kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi. Kutazama mchezo wa heshima si dhambi, maadamu Swala haipotei wala hapana kamari. Nao ugonjwa haumwondolei mtu haki ya kufurahi. Dini imempunguzia mgonjwa uzito, ikamruhusu kula mchana wa Ramadhani na kuswali ameketi, lakini haikumwamuru aache kuishi. Subira ni kuuzuia moyo usikate tamaa na ulimi usimlaumu Mola. Kujifungia chumbani ni jambo jingine.

Hata hivyo, ruhusa ina masharti yake. Daktari aulizwe kwanza. Siku ya mashine isirukwe kwa ajili ya mechi. Simu iwe wazi wakati wote. Mkono wenye mshipa ulioandaliwa kwa mashine usibebe mzigo, wala usibanwe katika msukumano wa feri ya Likoni. Maji anywe kwa kipimo alichopewa. Na wenziwe wasimlazimishe dafu kwa ukarimu. Dafu lina potasiamu nyingi, nayo figo zilizoshindwa kazi haziwezi kuitoa mwilini. Ikizidi huweza kuusimamisha moyo. Ng'onda naye aachwe, kwa sababu ya chumvi. Akiyashika hayo, basi aende, nasi tumwombee dua ya safari.

Nilipokwisha kusema hayo, niliwauliza nami swali langu: katika nyumba hii, ni nani aliyekwisha kwenda kupimwa kama figo yake yamfaa kijana huyu? Wote wakanyamaza.

Ndugu zangu, hapo ndipo penye suala lenyewe. Hapa Kenya, figo ya kupandikiza kwa kawaida hutoka kwa jamaa aliye hai. Basi mgonjwa anayengoja, mara nyingi anatungoja sisi. Tu wepesi wa kumkataza uwanja, nasi ni wazito wa kunyosha mkono tutolewe damu ya kupimwa.

Wapenda mpira watamkumbuka Ivan Klasnić, mshambuliaji wa Kroatia. Mwaka 2007 mamake alimpa figo, mwili ukaikataa. Ndipo babake akampa yake, ikakubali. Mwaka uliofuata kijana yule alifunga mabao mawili katika mashindano ya Euro 2008. Watu waliyaona mabao. Nyuma yake walikuwako wazazi wawili waliolala mezani kwa daktari.

Wako wanazuoni waliopinga kupandikiza viungo, nasi twawaheshimu. Lakini Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah, katika kikao chake cha mwaka 1988, liliruhusu kwa masharti: mtoaji awe na akili timamu na atoe kwa hiari yake, uhai wake usitegemee kiungo hicho, wala kiungo kisiuzwe. Mwenye figo mbili nzima aweza kuishi kwa moja, na madaktari humpima sana kabla ya kumkubali. Tena sote twaijua aya ya 32 ya Suratul Maida na daraja iliyompa mwenye kuihuisha nafsi moja.

Sisemi mtu alazimishwe. Figo inayotolewa kwa kuaibishwa mbele ya ukoo haikutolewa kwa hiari, na sharti la wanazuoni limevunjika. Mwenye sukari, mwenye presha, mwenye hofu isiyomwachia, hana lawama. Lakini kupimwa si kutoa. Kupimwa ni kwenda hospitali, kuuliza, na kujua. Ndugu watano wakipimwa, huenda mmoja akafaa. Wasipopimwa, hajulikani hata mmoja.

Basi kila nyumba yenye mgonjwa wa figo, na ikae kikao wiki hii. Kabla ya kujadili mgonjwa aende wapi na asiende wapi, tujadili ni nani atakayetangulia kupimwa.

Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu na ailainishe mioyo yetu. Wabillahi tawfiq.