Muuguzi Naye na Acheke

Yapo maneno yanayosemwa dhidi ya wafanyakazi wetu, nayo husemwa hasa na watu wenye vyeo. Husemwa kwamba muuguzi, mwalimu au karani wa mahakama akionekana jioni ameinamia simu yake huku akicheka peke yake, basi amejivunjia heshima na kuivunjia kazi yake. Wasemao hivyo hutaka mwenye kazi nzito awe mzito saa zote, kana kwamba ile sare aliyopewa ameshonewa mwilini. Sisi twaona kwamba maneno hayo hayana msingi, tena yanaficha jambo jingine ambalo ndilo linalofaa kusemwa waziwazi.

Na tutwae mfano wa Chala, katika Wilaya ya Nkasi, juu ya uwanda wa Ufipa, kwenye barabara itokayo Sumbawanga kwenda Namanyere. Miezi ya Juni na Julai baridi ya huko haina masihara, na jua likishazama watu hujikusanya ndani karibu na moto. Muuguzi aliyepelekwa huko kutoka Tanga hana ndugu wa kumtembelea wala sinema ya kwenda. Mchana kutwa amepima wajawazito, amefunga vidonda, amejaza madaftari, na pengine amemwambia mama mmoja jambo ambalo hakuna mama apendaye kuambiwa. Akirudi chumbani kwake hufungua simu akamtazama Mzee Majuto. Amri Athumani, mtu wa Tanga, alifariki dunia tarehe 8 Agosti 2018, lakini katika simu ya muuguzi huyo angali anakunja uso na kuanza vituko vyake. Baada yake huja Anne Kansiime wa Uganda, kisha vijana wa Dar es Salaam wenye video za dakika mbili tatu ambazo hazina funzo wala hazidai kuwa nalo. Nusu saa ikipita, yule dada amelala usingizi wa mtu mzima badala ya kulala na sura ya yule mama machoni. (Na bando likimwishia katikati ya kichekesho, hiyo ni adhabu ya kutosha, wakubwa wasimwongezee nyingine.)

Je, hapo pana uzembe gani? Uzembe ni kumwacha mgonjwa barazani wakati wa zamu ili utazame vichekesho, na mwenye kufanya hivyo aadhibiwe, sisi hatutamtetea. Lakini huyu tunayemsema amekwisha maliza kazi yake.

Wapo watakaosema kwamba wazee wetu hawakuwa na upuuzi huu. Walikuwa nao, ila haukuwa katika simu. Wafanyakazi wa nchi hii walikaa karibu na redio wakiwasikiliza Pwagu na Pwaguzi katika Radio Tanzania Dar es Salaam, na kesho yake kazini wakarudia maneno yao. Marehemu Rashidi Kawawa, kabla ya kuwa Katibu Mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi, na kabla ya kuwa Waziri Mkuu mwaka 1962, alicheza katika sinema iitwayo Muhogo Mchungu. Hatujapata kusikia kwamba wafanyakazi walimdharau kwa sababu hiyo. Mwalimu Nyerere naye alikaa chini akacheza bao, na katikati ya shughuli za nchi changa akapata nafasi ya kumfasiri Shakespeare: Julius Caezar ikatoka mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Rais wa nchi akiona kwamba akili yake yahitaji mahali pa kupumzikia nje ya mafaili, sembuse muuguzi wa Chala?

Tena desturi zetu zimekwenda mbali kuliko hapo. Katika makabila mengi ya nchi yetu mtani huja msibani, mahali pazito kuliko zahanati yoyote, akafanya mzaha mbele ya wafiwa, akamwigiza marehemu alivyokuwa akitembea, akadai apewe kitu kwanza ndipo kaburi lifukiwe. Hakuna amwambiaye kwamba amekosa adabu. Watu walijua zamani kwamba mzigo mzito hauchukuliki bila kutuliwa chini mara kwa mara, na wakampa mtu maalumu kazi ya kuutua.

Lakini utani una sharti, na hapo ndipo tunapokuwa na ugomvi na baadhi ya vichekesho vya intaneti. Mtani hunitania nami nikamtania. Akinizidi leo, kesho nitamwona msibani kwao. Katika intaneti anayetaniwa mara nyingi hayupo, wala hana pa kujibia. Mkoa wa Rukwa wajua jambo hili vyema. Ni mara ngapi tumeona video ya kijana aliyepangiwa kazi Sumbawanga akiandika wasia, au basi la Sumbawanga likiendeshwa na mtu asiyeonekana? Wenyeji wengi hueleza kwamba jina lenyewe maana yake ni kuutupa uchawi, yaani anayeingia auache nje. Wachekeshaji wameligeuza likawa ndio mji wa kuufuata. Sisi hatuna chuki na mzaha huo, na Wafipa wenyewe huucheka. Lakini mwalimu kijana anayeogopa kwenda kufundisha Nkasi kwa sababu ya video hachekeshi hata kidogo, na kikongwe mwenye macho mekundu kwa moshi wa kuni, ambaye jirani amefundishwa kumwogopa, hayumo kabisa katika mchezo huo. Mchekeshaji wa mjini na amwalike Mfipa naye aseme ya kwao, ndipo utani utimie.

Njia njema ya mzaha ipo, nayo ni mtu kuicheka kazi yake mwenyewe. Yuko Marekani daktari wa macho aitwaye Will Flanary, ajulikanaye katika intaneti kwa jina la Dr. Glaucomflecken. Yeye huigiza mabingwa wa hospitali, kila mmoja na majivuno yake, na huyacheka makampuni ya bima yanayowanyima watu matibabu. Mgonjwa hamfanyi kichekesho, na yajua maradhi kwa mwili wake, maana ameugua saratani mara mbili, na mwaka 2020 moyo wake ulisimama usiku akiwa nyumbani, mkewe akambana kifua hadi msaada ulipofika. Muuguzi wetu akitaka naye kujirekodi, na aigize foleni ya asubuhi au yule bwana ajaye na ugonjwa wa rafiki yake. Lakini uso wa mgonjwa na jina lake visiingie humo. Kabla hata ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, kiapo cha kazi kilikuwa kimekwisha kataza.

Wala asiwepo wa kutuambia kwamba starehe hiyo ni ya watu wavivu wa mjini. Mwaka 2021 na 2022 dunia ilimjua Kili Paul, mfugaji kijana wa Kimaasai kutoka Mkoa wa Pwani, ambaye pamoja na dada yake Neema alizifuatisha kwa midomo nyimbo za sinema za Kihindi, hata Waziri Mkuu wa India, Narendra Modi, akawataja katika hotuba yake ya redio Februari 2022. Mtu aliyeshinda juani na ng'ombe hakuhitaji ruhusa ya mtu ili acheze jioni.

Sasa tuje kwenye lile linalofichwa. Simu inayomletea muuguzi Mzee Majuto ndiyo hiyo hiyo inayomletea mkubwa wake. Saa tatu usiku, kichekesho kikiwa katikati, ujumbe unaingia katika kundi la WhatsApp la kazini: taarifa ya mwezi ipatikane kabla ya saa mbili asubuhi, na kila aliyesoma aandike jina lake. Asiyejibu huulizwa kesho mbele ya wenzake kwa nini alionekana hewani na hakujibu. Hivyo mkubwa yule yule anayelalamika kwamba vijana hawatoki katika simu ndiye anayewafungia humo. Kicheko cha nusu saa anakiona. Saa mbili za kazi isiyolipwa, zilizofanywa kitandani chini ya blanketi, hazioni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, wala 9 kwa siku. Imeweka pia kwamba kati ya kumaliza kazi na kuianza tena mfanyakazi apate mapumziko ya saa 12 mfululizo, na kila wiki saa 24. Sheria ilipoandikwa, kundi la WhatsApp halikuwapo, kwa hiyo wakubwa fulani wadhani kwamba ujumbe si kazi. Ni kazi. Dharura ni dharura, na mama anayetokwa na damu hasubiri asubuhi. Hakuna muuguzi tunayemjua anayebisha hilo. Lakini taarifa ya mwezi haitokwi na damu.

Kwa hiyo matawi ya TUGHE na ya Chama cha Walimu katika Nkasi na kwingineko yasingoje jambo hili liamuliwe Dodoma. Na yaketi na waajiri wilayani yakubaliane jambo moja dogo, liandikwe na kubandikwa ukutani: usiku kuwe na orodha ya zamu, simu ya aliye zamu ndiyo ipigwe, na kundi la kazi linyamaze tangu saa kumi na mbili jioni hadi saa moja asubuhi.