Yoga iko wapi? Simu inajua Westlands, haijui Magunga

Nitasema bila kuzunguka mbuyu: hatuhitaji programu nyingine ya kumwonyesha mkazi wa Westlands mahali pa kufanyia yoga. Anapajua tayari. Asipopajua atamuuliza mwenzake wa ofisini, naye atamtajia mahali patatu kabla chai haijapoa. Lakini kila baada ya miezi michache napata barua pepe kutoka kwa mwandishi wa programu mwenzangu: "Hebu ijaribu hii, uniambie unaionaje." Naifungua. Ramani ya Nairobi, vidoti vyekundu Westlands, Kilimani, Lavington na Karen, na kitufe cha kulipia kwa M-PESA. Kazi safi kabisa. Na kwa watu wengi wa nchi hii haina kazi.

Msinielewe vibaya, jamani. Sina ugomvi na yoga. Ugomvi wangu ni na sisi tuliosomea kompyuta, ambao kila siku tunawatafutia watu vitu ambavyo wameshavipata.

Shangazi yangu anaishi Magunga, kule Gwassi, Suba Kusini, kaunti ya Homa Bay. Kwa asiyepajua: fuata barabara ya kando ya ziwa kutoka Mbita, pita Sindo, utafika Magunga kabla hujateremkia Sori upande wa Migori. Shangazi anauza omena. Kazi ya omena ni kuinama: unaimwaga juu ya nyavu zilizotandazwa chini, unaigeuza juani, unaizoa, kesho unaanza tena. Mgongo umemsumbua kwa miaka. Mhudumu wa afya aliyempima alimwambia hakuona dalili ya hatari, ila atafute mazoezi ya kunyoosha viungo, na akipata mwalimu wa yoga itamfaa. Akanipigia simu: "Nyathina, si wewe ndiye mtu wa kompyuta? Nitafutie mahali."

Nikatafuta. Majibu yalikuwa Nairobi, Nairobi, Nairobi, halafu Kisumu. Yaani mwenye mgongo unaouma aketi kwenye matatu saa kadhaa ili akanyooshe mgongo!

Sasa tuingie kwenye ufundi kidogo, maana hapa ndipo penye shida. Kitafutio hakitembei sokoni kikichungulia milangoni. Kinasoma rekodi. Ukiuliza "yoga karibu nami", kwa kawaida kinapima mambo matatu: rekodi inalingana vipi na maneno yako, mahali penyewe pako umbali gani, na pana umaarufu kiasi gani mtandaoni, kwa maana ya viungo, picha na nyota za wateja. Mwalimu anayefundishia kwenye ukumbi wa kanisa anaweza kupita mtihani wa kwanza na wa pili, ikiwa tu kuna mtu aliyemwandika. Wa tatu unataka wateja wenye simu nzuri, bando za kutosha na mazoea ya kuandika sifa. Kwa hiyo anayeonekana anazidi kuonekana, na asiyeonekana anazidi kuzama. Tunaposema Nairobi ni "mji unaojali afya", sehemu kubwa ya tunachokiona ni kwamba Nairobi ni mji wenye rekodi nyingi.

Najua mtakachosema. La kwanza: "Yoga ni mambo ya matajiri." Nairobi yenyewe inakataa. Mwaka 2007 Mmarekani Paige Elenson alianzisha Africa Yoga Project jijini humo. Mradi huo uliwachukua vijana, wengi wao kutoka mitaa ya mabanda, ukawafundisha kuwa walimu, na walimu hao wakaenda kufundisha mashuleni, magerezani na mitaani kwao. Darasa lao la bure la Jumamosi lilikuwa likivuta mamia ya watu. Kwa hiyo studio yenye vioo na mishumaa si sharti. Masharti ni manne: mwalimu aliyefundishwa, sakafu, saa moja, na habari kwamba darasa lipo. Hayo matatu ya kwanza si kazi yetu. La nne ni letu kabisa.

La pili: "Watu wa kijijini wanalima na kuvua, mazoezi ya nini tena?" Hoja hii hunikera kuliko zote. Kuvuta nyavu na kugeuza omena ni kuutumia mwili upande uleule, kwa namna ileile, maelfu ya mara. Mwendesha boda boda naye hushinda ameketi huku barabara ikimtikisa. Shirika la Afya Duniani linasema maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo yanayoongoza duniani kwa kuwafanya watu washindwe kufanya shughuli zao. Na mwaka 2017 chama cha madaktari wa Marekani, American College of Physicians, kilishauri kwamba kwa maumivu sugu ya mgongo tiba ianze na njia zisizo za dawa, na yoga imo kwenye orodha yao pamoja na mazoezi ya kawaida. Sasa nani ana haja zaidi na darasa hilo, mimi ninayeweza kununua kiti kizuri cha ofisi, au shangazi?

La tatu ndilo la wanabiashara: "Magunga hakuna soko." Sawa. Lakini kumbukeni M-PESA ilipozinduliwa Machi 2007. Haikuwangoja Wakenya wote wawe na akaunti za benki na simu za kisasa. Ilifanya kazi kwenye simu ya kawaida aliyokuwa nayo mama wa sokoni, na soko likaonekana baada ya huduma kufika. Sisi tunafanya kinyume. Tunaangalia ramani tupu tunasema hakuna watu, kumbe hakuna aliyeichora.

Na ramani tupu tunazijua. Kibera, jijini Nairobi, ilikuwa karibu doa tupu kwenye ramani za mtandaoni hadi mwaka 2009. Mwaka huo vijana wa Kibera wenyewe, katika mradi wa Map Kibera ulioanzishwa na Erica Hagen na Mikel Maron, walitembea vichochoroni na vifaa vya GPS wakaandika zahanati, vyoo, mabomba ya maji na shule kwenye OpenStreetMap, ramani huria iliyoanza mwaka 2004. Kibera haikuhama wala haikujengwa upya. Iliandikwa tu, na waliyoiandika ni wanaoishi humo.

Basi badala ya programu nyingine ya vidoti vyekundu, ndugu mwandishi wa programu, fanya haya:

1. Ukienda nyumbani Desemba, fungua OpenStreetMap na uandike soko lako. Lebo zipo: kituo cha mazoezi ni leisure=fitness_centre, yoga ni sport=yoga, na saa za darasa zina lebo ya opening_hours. Ni huria, hakuna anayekulipisha.

2. Andika vile vile mahali panapofaa hata kama darasa halijaanza: ukumbi wa shule, ukumbi wa kanisa, zahanati yenye mtaalamu wa viungo. Mwalimu anayetafuta mahali pa kufundishia naye ni mtafutaji.

3. Jenga huduma ya SMS au USSD kabla ya ile ya simu ya kisasa. Jina la darasa, siku, saa na namba ya mwalimu vinatosha ndani ya herufi 160.

4. Iandike kwa Kiswahili na kwa lugha ya mahali. Huko kwetu ni Dholuo, na wazee wengine Kisuba. Shangazi hatatafuta kwa Kiingereza, wala hana sababu ya kufanya hivyo.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji mwekezaji. Yanahitaji wikendi mbili na viatu vya kutembelea. Mwaka mzima wa kazi ya kidoti chekundu cha kumi na tano pale Kilimani utampunguzia mtu wa Kilimani dakika tano za kutafuta. Wikendi hizo mbili zinaweza kumpunguzia mtu wa Gwassi miaka ya maumivu.

Chagueni. Mimi wikendi zangu nimeshazipanga.