Chandarua kina miguu, programu yangu haikujua

Nimerudi jamani. Wiki tatu za ukimya si kwamba niliishiwa maneno. Nilikuwa nyumbani, Ifakara. Mnaoijua njia mnaijua: basi linaiacha barabara kuu pale Mikumi, linashika njia ya Kidatu kwenye mashamba ya miwa, linapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, linapita Kiberege, halafu unaanza kuona mpunga kila upande mpaka macho yanachoka. Niliondoka Dar na simu, kompyuta mpakato na programu niliyoitengeneza mwenyewe. Nimerudi na aibu kidogo na jambo moja la kuwaambia.

Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi ni mwandishi wa habari kwa kazi na mchokonoaji wa kompyuta kwa ulevi. Sikusomea darasani. Nimejifunza usiku kwa bando la usiku, nikikosea na kurudia. Sasa safari hii nilitaka kuandika habari juu ya malaria na vyandarua mjini kwetu. Nikasema, kwa nini nizunguke na daftari kama wazee wetu wa magazeti? Nitumie zana.

Zana yenyewe inaitwa ODK. Ni programu huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, Marekani, mwaka 2008. Nimeipenda, na nitawaambia kwa nini. Kwanza haikudai uwe mtaalamu. Unafungua jedwali la kawaida kama lile la mahesabu, kila mstari unaandika swali moja. Safu moja unaweka swali kwa Kiswahili, nyingine unaweka masharti: swali hili litokee tu kama jibu la swali la juu ni "ndiyo", umri usizidi miaka 120. Pili, haihitaji mtandao ukiwa kazini. Unajaza fomu kwenye simu huku mvua ikinyesha na hakuna hata alama moja ya mtandao, majibu yanakaa humo humo, ukifika penye mtandao unayatuma. Kwa nchi kama yetu, hiyo ni zana ya kwetu hata kama imezaliwa Seattle.

Basi nikajitengenezea fomu. Nikajiona fundi kweli kweli. Niliweka maswali mawili makubwa: nyumba hii ina watu wangapi, na ina vyandarua vingapi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza chandarua kimoja kwa kila watu wawili, kwa hiyo nikaiambia programu igawe yenyewe. Vikitosha inaandika "vinatosha". Visipotosha inaandika "upungufu" na idadi. Rahisi, safi, haraka. Si ndivyo?

Nilizunguka mtaa mmoja, nyumba zisizofika ishirini. Ilikuwa mwezi wa nne, mpunga unatoa masuke. Kila nyumba simu inaniambia: upungufu, upungufu, upungufu. Nakwambia nilifurahi! Samahani, lakini huo ndio ukweli wa taaluma yetu: mwandishi akiona upungufu anaona kichwa cha habari. Jioni nilishakuwa nacho kichwani. Ifakara, mji ambao umefanyiwa utafiti wa malaria miaka na miaka, watu wake wanalala bila vyandarua. Mhariri gani angekataa?

Nyumba ya mwisho nilimkuta bibi mmoja anapepeta mchele barazani.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mjukuu wangu. Karibu. Na wewe umekuja kuuliza?"

Ifakara wamezoea kuulizwa. Nikacheka, nikakaa kwenye mkeka, nikatoa simu. Mko wangapi nyumba hii? Sita. Vyandarua? Kimoja. Simu ikaandika: upungufu 2. Nikamwonyesha bibi, kwa majivuno ya kijinga, jinsi mashine ilivyojua yenyewe.

Akaniuliza imejua nini. Nikamweleza. Bibi akaweka ungo chini.

"Tuko sita, lakini hapa tunalala watatu. Mimi na hawa wajukuu wawili wanaosoma, kwenye chandarua kimoja kikubwa. Baba yao, mama yao na mtoto mchanga wako shamba, ng'ambo ya mto, tangu mvua zianze. Vyandarua viwili wamekwenda navyo. Sasa upungufu uko wapi? Huku kwetu chandarua kina miguu, mjukuu wangu."

Ndugu zangu, nilitamani ardhi ipasuke. Watu sita, vyandarua vitatu, wawili kwa kimoja. Familia ile ilikuwa imefikia kile kile kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani, na mimi nilikuwa tayari kuitangazia nchi nzima kwamba haijali afya yake. Na mimi ni mtoto wa pale pale! Nimekulia kwenye bonde hilo, nimewahi kupelekwa shamba kuamia ndege, nimelala kwenye dungu. Nilijua kabisa kwamba msimu wa mpunga nusu ya nyumba zetu zinagawanyika. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nilisahau. Niliandika fomu ya mtu anayelala nyumba moja mwaka mzima, yaani niliandika fomu ya jirani yangu wa Sinza.

Si programu iliyokosea, naomba mlielewe hilo. Ilifanya kile nilichoiambia, tena bila kuchoka. Kosa lilikuwa swali langu.

Usiku ule niliivunja fomu nikaanza upya. ODK ina kitu kizuri: unaweza kuiambia irudie maswali yale yale kwa kila mtu. Nikaondoa hesabu ya nyumba, nikaweka: taja kila mtu wa hapa, usiku wa kuamkia leo alilala wapi, je, alilala ndani ya chandarua? Nilidhani nimegundua jambo jipya kumbe wapi. Hivyo ndivyo watafiti wa afya wanavyouliza siku zote. Na Watanzania wote tuliulizwa kwa mtindo huo kwenye Sensa ya mwaka 2022, pale makarani walipopita na vishikwambi wakitaka kujua nani alilala kwenye kaya usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Ndivyo tulivyohesabiwa tukafika 61,741,120. Kumbe swali la "nani alilala hapa jana" si la kizembe. Limetengenezwa na watu waliokwisha kupigwa na bibi kama yule.

Nikarudi kwake kesho yake. Ndipo ikatoka habari yenyewe. Nilipouliza juu ya wale walio shamba, bibi hakuzungumzia vyandarua hata kidogo. Alizungumzia homa. Msimu uliopita yule mchanga alishikwa na homa usiku, mvua inanyesha, duka la dawa liko mbali, zahanati iko mbali zaidi. Walimbeba mpaka barabarani wakangoja bodaboda. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini fomu yangu haikuwa na swali hilo popote. Nilikuwa nahesabu vyandarua wakati tatizo la watu ni dawa na njia.

Na hili nalo watafiti walishaliona. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti juu ya familia za Bonde la Kilombero zinazohamia mashamba ya mpunga. Ulionyesha kwamba karibu watu wote waliokuwa wakilala mashambani walilala ndani ya vyandarua. Ugumu ulikuwa kupata matibabu ukiwa huko mbali. Ningeusoma kabla ya kupanda basi ningejiepusha na aibu. Hapo ndipo nilipoanza kuuliza: wenzetu hawa waliwezaje kutuelewa namna hiyo?

Ifakara ina historia ndefu ya maswali. Taasisi ya Afya Ifakara inahesabu mwanzo wake mwaka 1956, ilipokuwa maabara ndogo ya Waswisi. Lakini kwa sisi wapenzi wa kompyuta mwaka wa kukumbuka ni 1996. Mwaka huo walianza kuandikisha watu wa vijiji 25 vya Kilombero na Ulanga, kaya kwa kaya, na baada ya hapo wakawa wanarudi kila baada ya miezi 4: nani amezaliwa, nani amefariki, nani amehama, nani amehamia. Programu waliyotumia haikutoka Ulaya kama mnavyoweza kudhani. Ilitokana na kazi iliyofanyika Navrongo, kaskazini mwa Ghana. Ilikuwa na ukali wa mwalimu wa zamu: haikukubali mtoto asiyeunganishwa na mama, wala kifo cha mtu ambaye hajawahi kuandikwa. Ukiingiza upuuzi inakurudisha.

Kulikuwa na faida gani? Sikilizeni. Kuanzia miaka hiyo hiyo ya 1996 hadi 2000 bonde letu lilikuwa na mradi wa KINET, uliouza vyandarua vyenye dawa kwa bei ya kusaidiwa, kwa jina la Zuia Mbu. Swali likawa: vinaokoa watoto au tunauziana kitambaa? Kwa sababu kila mtoto alikuwa ameandikwa na alikuwa akifuatiliwa, jibu lilipatikana. Mwaka 2001 matokeo yakachapishwa kwenye jarida la Lancet: vyandarua vyenye dawa vilihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa kati ya mwezi 1 na miaka 4. Mafunzo ya bonde letu yakaingia kwenye mpango wa taifa wa Hati Punguzo, ulioanza mwaka 2004 kuwasaidia akina mama wajawazito kupata vyandarua nchi nzima. Fikiri tena juu ya jambo hilo. Mstari mmoja mmoja kwenye kompyuta ya Ifakara, kila mstari mtoto wa mtu.

Na ile zana yenyewe? Ilijengwa juu ya FoxPro. Vijana wa leo wengi hata jina hilo hawajalisikia. Microsoft walitangaza mwaka 2007 kwamba hawatatoa toleo jingine, na mwaka 2015 wakaacha kabisa kuihudumia. Zana imekufa. Lakini lile swali la nani yupo, nani hayupo na amekwenda wapi bado linaishi, na majibu yake bado yanatumika.

Hapa ndipo ninapotaka kugombana kidogo na vijana wenzangu wa Dar, Nairobi na kwingineko. Tumekuwa wapenzi wa zana kupita kiasi. Tukikutana tunabishana lugha ipi ya kompyuta ni bora, simu ipi ina nguvu, nani amemaliza kozi gani ya mtandaoni. Ni mara ngapi tunabishana juu ya maana ya neno "kaya"? Yule bibi aliniuliza: "Kaya ndiyo nini, nyumba au chungu?" Nikajibu kama kitabu: wanaoishi pamoja na kula chungu kimoja. Akasema, "Basi sisi ni chungu kimoja chenye mafiga sehemu mbili." Mtengeneza programu asiyelijua hilo atatuletea apu ya mkulima inayotaka uandike anuani moja, na mkulima ataandika ile ya mjini, na mbegu, ushauri au gari la wagonjwa litakwenda penye nyumba tupu.

Najua mtaniambia: huwezi kukaa mkekani na kila bibi wa Tanzania, programu inatakiwa ifike kwa mamilioni. Sawa. Lakini vile vijiji 25 havikuwa mamilioni. Vilikuwa vijiji 25 vilivyosikilizwa vizuri, tena kwa kurudiwa, mpaka taifa zima likajifunza kutoka kwao. Anayekwenda mara moja, akapiga picha na kishikwambi, akaondoka, hata akifika kwa mamilioni atakuwa amewakosea mamilioni.

Kwa hiyo nimejiwekea masharti, kama yale ninayoyaandika kwenye fomu. Kabla ya kufungua kompyuta, niuzungumze ule mfano mzima kwa mdomo na mtu mmoja atakayeulizwa. Jibu likinifurahisha sana, nirudi kuuliza mara ya pili. Na nikimaliza, nirudishe nilichokipata kwa waliyenipa, maana bibi alinikumbusha kwa upole kwamba wanaokuja kuuliza ni wengi kuliko wanaorudi kusema.

Habari ya vyandarua sikuiandika. Ninaandika ya homa na barabara. Siku ya mwisho nilichapisha kurasa mbili kwenye duka la steshenari pale karibu na soko, nikampelekea bibi, mjukuu wake mkubwa akamsomea kwa sauti. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema nimekosea jina la kijiji cha ng'ambo. Nimesahihisha.