Tuhesabu na Mbawakawa

Kila atajaye Msitu wa Jozani humtaja kima punju. Ni haki yake, kwani ni mnyama wa Zanzibar pekee. Lakini kima huhama, hula hata mashambani mwa wakulima, na kuonekana kwake si ushahidi kwamba msitu u mzima. Ushahidi umo chini, katika majani makavu.

Humo huishi mbawakawa wadogo mno, wengi wao wasioweza kuruka. Msitu ukifyekwa hawana pa kukimbilia, wala hawarudi upesi vichaka vikiota upya. Kuwakusanya hakuhitaji mashine ya fedha za kigeni: hupimwa mita moja ya mraba, majani yakachekechwa, chenga zikatundikwa katika mfuko wa wavu kwa siku kadhaa. Kadiri zinavyokauka, wadudu hushuka wenyewe chupani mwenye spiriti. Kazi ni kuwatambua, na hapo ndipo wataalamu wetu wanapohitajika.

Wapo watakaocheka. Nao wacheke. Jozani ni hifadhi ya taifa tangu 2004. Wakuu wanaohusika, kabla ya kutia saini kibali chochote cha kufyeka, huko au Ngezi kule Pemba, hawana budi kudai kwanza hesabu hiyo, na vijana wa vijiji jirani wafunzwe kuichukua.